Gari Dogo la Kijapani Lililoitawala Safari

Mashindano ya magari ya Safari ya Pasaka ya mwaka 1973 yalipomalizika, waamuzi walijikuta katika shauri ambalo hawakuwa wamelizoea. Baada ya maelfu ya kilometa za tope, mawe na vumbi, magari mawili yalikuwa yamerudi yakiwa na alama za adhabu zilizo sawasawa, pasipo tofauti ya hata dakika moja. Moja liliendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. La pili liliendeshwa na Harry Källström wa Sweden. Ikabidi kanuni zitazamwe, na ushindi akapewa yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kuadhibiwa. Huyo alikuwa Mehta. Lakini kwa kiwanda kilichoyatengeneza magari hayo, hukumu hiyo haikuwa jambo la kukosesha usingizi, kwani yote mawili yalikuwa Datsun, kazi ya kampuni ya Nissan ya Japani.

Miaka kumi tu kabla ya siku hiyo, jina la kampuni hiyo halikuwamo kabisa katika orodha ya magari yaliyomaliza Safari. Basi ni vema kuuliza: gari dogo la Kijapani, ambalo wengi walilitazama kwa dharau, lilifikaje hata likaitawala njia iliyokuwa imewashinda wakubwa wa Ulaya?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kuyafahamu mashindano yenyewe. Safari ilianzishwa mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi ambazo wakati huo zilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Tofauti na mashindano mengi ya Ulaya, barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na mabasi, malori ya mizigo, ng'ombe na watoto waendao shule. Alipewa muda maalumu wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa iliandikwa kuwa ni adhabu. Mashindano yalifanywa majira ya Pasaka, wakati mvua za masika zinaponyesha. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hugeuka utelezi wa kunata, ambao huyashika magurudumu kama gundi. Ukikauka, vumbi lake humfumba dereva macho mchana kama usiku.

Katika njia ya namna hiyo, mwendo wa kasi peke yake haukuwa na faida kubwa. Volkswagen ilishinda mwaka wa kwanza kabisa, nayo Peugeot ya Ufaransa ikajipatia heshima isiyo na kifani kwa aina yake ya 404. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliiendesha gari hiyo akashinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Watu waliokuwa wakinunua gari Afrika Mashariki waliyafuata matokeo hayo kwa makini, kwa sababu gari lililovumilia Safari ndilo waliloamini kuwa litawavumilia na wao pia.

Nissan waliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1963, wakileta Bluebird na Cedric. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa maangamizi. Magari 84 yaliondoka. 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na hapakuwa na hata moja la Nissan. Siku hizo bidhaa za Japani zilikuwa na sifa ya kuwa rahisi kwa bei na dhaifu kwa kazi, na kushindwa huko kungeweza kuchukuliwa kuwa ni ushahidi wa kutosha. Kampuni nyingine ingefungasha mizigo yake isionekane tena.

Wajapani hawakufanya hivyo. Walirudi, na kila waliporudi walijifunza mahali gari lao lilipovunjika. Mwaka 1966, mwaka ule ule wa ushindi wa kwanza wa Shankland, Bluebird ilishika nafasi ya tano kwa jumla na ya kwanza katika daraja lake. Nchini Japani habari hiyo ilipokewa kwa furaha kubwa, na mwaka 1969 ikatolewa filamu iliyohusu Safari, ambayo mwigizaji mkuu alikuwa Yujiro Ishihara, nyota mashuhuri wa nchi hiyo. Umati wa watu waliijaza kumbi kuitazama njia ya Afrika Mashariki, ambayo wengi wao hawangeikanyaga maishani mwao.

Mwaka uliofuata, 1970, subira ikazaa tunda. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na mwelekezi wake Hans Schüller, walishinda wakiwa na Datsun 1600 SSS. Wa pili alikuwa Joginder Singh wa Kenya, naye akiwa na Datsun. Mwaka 1971 Herrmann alishinda tena, safari hii akiwa na Datsun 240Z, gari la michezo lenye milango miwili na injini ya silinda sita, na Mehta akamfuata katika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland aliwapokonya ushindi kwa Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Kisha ukaja mwaka 1973, na ile sare ya Mehta na Källström.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo tumtazame Mehta mwenyewe. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, na barabara za huko ndizo zilizomfundisha udereva. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia nchini humo, na jamaa za Mehta walikuwa miongoni mwa waliolazimika kuacha mali na makazi. Mehta alihamia Kenya. Katika muda wa miezi michache alikuwa amepoteza nchi aliyozaliwa, na Pasaka iliyofuata alikuwa bingwa wa Safari. Mashamba na nyumba viliweza kutwaliwa. Ujuzi wa kusoma rangi ya tope, wa kupima kwa macho kina cha maji ya mto, na wa kuhisi kwa usukani kwamba springi inakaribia kukatika, haukuweza kutwaliwa na askari wa mpakani.

Baada ya hapo Datsun walipitiwa na kipindi cha ukame. Joginder Singh alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Peugeot na Ford nao wakapata zamu zao. Mashindano, ambayo kuanzia mwaka 1974 yalibaki Kenya peke yake, yalikuwa yamekwisha kuingizwa katika orodha ya ubingwa wa dunia, na viwanda vikubwa vilikuja na fedha nyingi. Mwaka 1979 Mercedes-Benz walifika na magari yenye injini za lita 5 na silinda nane. Dhidi yao Nissan walileta Datsun 160J, gari la kawaida la familia, lenye injini ya lita 2 na silinda nne. Mehta na mwelekezi wake Mike Doughty walishinda, na Mercedes ya Mikkola ikaja ya pili.

Wakashinda tena mwaka 1980. Wakashinda mwaka 1981, na katika miaka yote hiyo miwili wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, naye akiendesha Datsun. Mwaka 1982 walishinda kwa mara ya nne mfululizo, wakimwacha nyuma Walter Röhrl wa Opel, ambaye mwishoni mwa mwaka huo alitangazwa bingwa wa dunia. Ukiongeza ule wa mwaka 1973, Mehta alikuwa na ushindi mara tano.

Siri yao ilikuwa nini? Kwanza, gari lenyewe halikuwa na mambo mengi. Ekseli yake ya nyuma ilikuwa ya kipande kimoja, ya namna ambayo fundi wa gereji yoyote aliifahamu, na kilichovunjika njiani kiliweza kubadilishwa upesi. Pili, bodi, springi na shokomzoba viliimarishwa kufuatana na mafunzo ya miaka iliyotangulia, yaani kufuatana na hesabu ya kushindwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, Nissan waliwakabidhi usukani watu walioishi katika nchi hizi. Herrmann, Joginder na Mehta hawakuhitaji kuelezwa mvua ya Aprili huifanya nini barabara. Mhandisi wa Japani alijua chuma. Dereva wa Afrika Mashariki alijua njia. Viwanda vingine vilileta mabingwa wa theluji na lami na kutaraji kwamba jina kubwa litalitisha tope.

Enzi hiyo nayo ilikuwa na mwisho wake. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel, na kuanzia mwaka 1984 Toyota wakashika usukani kwa ushindi wa miaka mitatu mfululizo. Kisha yakaja magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne, na gari sahili la aina ya 160J likawa halina nafasi tena. Nissan haikushinda Safari tena. Hata jina la Datsun liliondolewa na kampuni yenyewe katika miaka ya 1980, likarudishwa kwa muda tu katika baadhi ya nchi miaka mingi baadaye. Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejeshwa mwaka 2021, na tangu mwaka huo hadi 2025 kila mshindi alikuwa na Toyota. Mlango ambao Wajapani hao wanaupita leo ulifunguliwa na Bluebird zilizokwama mwaka 1963.

Mehta alifariki dunia mjini London mwezi Aprili mwaka 2006. Hadi mwaka 2025 hapakuwa na dereva mwingine aliyefikisha ushindi mara tano katika Safari zilizokuwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Magari yaliyomfikisha hapo yalitoka Japani, na sifa waliyoipata Wajapani ilikuwa halali yao. Hata hivyo, gari halijifunzi peke yake mahali pa kupunguza mwendo. Hilo lilifundishwa na barabara za Uganda, Kenya na Tanzania, pamoja na watu waliokulia kandokando yake, na ni haki watajwe kila historia hii inaposimuliwa.