Sungura Ambaye Bibi Hakumsahau

Akina mama wenzetu, je, mnalikumbuka lile shairi la shuleni la sungura aliyetamani matunda yaliyoning'inia juu? Aliruka, akaruka tena, akashindwa. Mwishowe akaenda zake akitangaza kwamba hata hayajaiva. Darasa zima tulicheka, maana kila mmoja wetu alimjua mtu wa namna hiyo. (Wakati mwingine alikuwa ni sisi wenyewe.)

Hadithi hiyo imetoka mbali. Katika masimulizi ya Aesop wa Ugiriki ya kale, mnyama alikuwa mbweha, na matunda yalikuwa zabibu. Kwetu mbweha akawa sungura, na maneno yake ya kujitetea yakawa msemo wa watu wazima.

Mama mmoja katika kikundi chetu anamuuguza mama mkwe wake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ugonjwa wa kusahau umemnyang'anya bibi huyo mengi. Mke wa mwanawe humwita "dada", na kila asubuhi huuliza hapa ni nyumbani kwa nani. Siku moja mjukuu wa miaka minane alikuwa akikariri shairi hilo, akakwama katikati ya ubeti. Bibi, aliyekuwa amekaa kimya mkekani, akaumalizia bila kukosea, huku mkono ukipiga mapigo gotini. Kisha akacheka.

Tulipoelezwa habari hiyo tulifuta machozi, halafu tukaulizana: kwa nini hilo limebaki? Mstari wa kawaida wa shairi la kimapokeo una mizani 16, nane na nane, na vina katikati na mwishoni. Sikio hulijua neno kabla halijafika. Kibwagizo nacho hurudi kila ubeti. Tena tuliyakariri kwa sauti, darasa zima, wengine hata kabla ya kujua kusoma vizuri. Lakini sisi tunaamini kicheko ndicho kilichofanya kazi kubwa. Yale mashairi ya nasaha tupu tuliyofundishwa mwaka uleule, nani anayakumbuka?

Mwenzetu alikiri kwamba hakuwahi kuwafundisha watoto wake shairi hata moja. Alidhani ni kazi ya shule. Siku hizi, jioni, anapomwogesha bibi, ambaye huyaogopa maji, huanza ubeti wa kwanza. Bibi huupokea.

"Bado ananiita dada," alituambia. "Lakini tukifika pale sungura anapoanguka, tunacheka wote wawili, na kuoga kunakwisha bila ugomvi."