Señora wa Salamanca na biashara ya kulaza wanafunzi

Kijana wetu anayesoma chuo Marekani akiambiwa kwamba muhula ujao ni wa Hispania na atakaa na familia mwenyeji, wazazi Mombasa au Mwanza hushusha pumzi. Mtoto kapata walezi! Naye hufungasha khanga na majani ya chai, akijua anaenda kupokewa kama mtoto wa ndugu. Akifika Salamanca anafunguliwa mlango na señora, yaani mama mtu mzima, mara nyingi mjane anayeishi peke yake ghorofani. Anaonyeshwa chumba, anakabidhiwa ufunguo, kisha anasomewa masharti: kuoga haraka, taa isiachwe ikiwaka, jikoni asiingie kupika. Jioni hiyohiyo anapiga simu nyumbani kulalamika kwamba hatakiwi.

Anatakiwa sana, tena analipiwa. Neno "familia" kwenye vipeperushi vya vyuo ndilo linalowapoteza wengi, kwa sababu linaficha kwamba kulaza na kulisha wanafunzi ni kazi ya watu katika mji ule, na ni kazi ya zamani mno.

Chuo Kikuu cha Salamanca kilianza mwaka 1218. Nyumba za chuo zenyewe zilichukua wanafunzi wachache. Waliobaki walitafuta pa kulala na pa kula mjini. Kufikia karne ya 16 chuo kilikuwa na kanuni kuhusu wenye nyumba walioweka wanafunzi kwa malipo. Kwamba chakula kilikuwa chanzo cha ugomvi hatuhitaji kubahatisha. Francisco de Quevedo, katika riwaya yake ya Buscón iliyochapishwa mwaka 1626, alimchora Cabra, mwenye nyumba wa namna hiyo mjini Segovia, ambaye supu yake ni maji matupu na wanafunzi wake wanakonda hadi mmoja wao anakufa. Wasomaji walicheka kwa sababu walimjua mtu kama huyo.

Lakini señora wa leo ana asili ya karibu zaidi, nayo haichekeshi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 viliacha Hispania na wajane wengi. Wajane wa upande ulioshindwa, yaani wa Jamhuri, hawakupewa pensheni na serikali ya Jenerali Franco, aliyeshinda vita hivyo. Sheria ya kuwalipa ilipatikana mwaka 1979, Franco akiwa ameshakufa. Mwanamke mwenye mume naye alihitaji idhini ya mumewe ili afanye kazi ya mshahara, na sharti hilo lilifutwa Mei 1975 tu. Mwanamke wa hali hiyo, akiwa na vyumba viwili vitupu na anajua kupika, angefanya nini? Alipangisha. Wanafunzi kutoka vijijini, makarani, walimu wapya, wote walipitia mikononi mwa mama wa aina hiyo, wakila mezani pake na kufuliwa nguo.

Wamarekani walipokuja waliukuta mfumo huo umeshasimama. Mtindo wa kupeleka wanafunzi ng'ambo kwa mwaka mzima ulianzishwa na Chuo Kikuu cha Delaware, kilichotuma kundi lake la kwanza Ufaransa mwaka 1923. Hispania ilichangamka kwa kasi zaidi baada ya Franco kutia saini mikataba ya kambi za kijeshi na Marekani mwaka 1953. New York University ilifungua tawi lake Madrid mwaka 1958. Vyuo vilitaka vijana wao wasikie lugha kuanzia staftahi hadi usiku, na mama mwenye chumba alitaka malipo ya uhakika. Hapo ndipo mpangaji alipobatizwa mwana wa familia.

Ukilijua hili, masharti yanaacha kuwa matusi. Señora ni kama mama lishe anayeheshimika mtaani kwako: anaweza kukuita mwanangu na kukuongezea mboga, lakini daftari la hesabu liko palepale. Chukua umeme. Tangu Juni 2021, nyumba zenye bei ya umeme inayodhibitiwa na serikali hulipa zaidi siku za kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Ndiyo maana mashine ya kufulia inanguruma usiku wa manane au Jumamosi. Maji ya moto katika nyumba nyingi za zamani hutokana na mtungi wa gesi wa rangi ya chungwa, na mtungi ukiisha unaagiza mwingine. Salamanca iko juu, karibu mita 800, na baridi yake ya Januari haina mzaha. Hapo utaikuta meza ya duara yenye kitambaa kizito kinachofika sakafuni na kipasha joto chini yake. Unaingiza miguu humo, unajifunika mapajani. Mazungumzo marefu kuliko yote utayapata pale, maana hakuna anayetaka kuinuka.

Saa za kula ndizo huwatesa wengi. Chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa, cha usiku ni saa tatu au saa nne, na anayetoka kwenye bweni la Marekani alikuwa akila saa kumi na mbili jioni. Sehemu ya sababu ni Franco tena: mwaka 1940 alisogeza saa za nchi mbele zilingane na za Ujerumani, na hazijarudishwa mpaka leo, ingawa Salamanca iko magharibi ya London. Mwishoni mwa Juni jua huzama pale karibu saa nne usiku. Njaa ya saa kumi na moja jioni ni ya kawaida, na hata wenyeji huipoza kwa kitafunio.

Kwa Waislamu kuna jambo moja la kuangaliwa mapema. Kuandika "sili nguruwe" kwenye fomu hakutoshi, kwa sababu wapishi wengi huiona nguruwe kuwa ni kile kipande cha nyama kilichoko sahanini. Dengu huchemshwa na soseji ya chorizo, mchuzi huanzia kwenye mfupa wa paja la nguruwe lililokaushwa, na mboga za majani hunyunyiziwa vipande vidogo vya paja hilohilo ili zipate ladha. Taja dengu, taja mchuzi, taja mafuta, na ukitaka nyama ya kuchinjwa kihalali uliza kama utaruhusiwa kuinunua mwenyewe umpelekee apike. Fanya hivyo wakati chuo kingali kinapanga nani akae wapi, kwa sababu wapo akina mama waliokwisha kuwalaza Wamoroko kadhaa na sufuria zao zinajua kazi hiyo.