Maji Yanayotaja Samaki Wake

Katika kata ya Rugu, wilayani Karagwe, ndizi na maharage ndicho chakula cha kila siku. Samaki anapopatikana huwa kitoweo cha thamani, hasa kwa mama mjamzito na mtoto aliyeachishwa kunyonya. Ndiyo sababu wahudumu wa afya vijijini huzihimiza kaya kuchimba mabwawa ya samaki. Ushauri huo ni mwema, lakini huacha swali moja bila jibu: ni samaki gani atakayepandwa humo, na akitoroka atakwenda wapi?

Swali hilo lina historia. Katika miaka ya 1950, sato aliletwa katika Ziwa Victoria kutoka kwingineko ili kuongeza mavuno, na sangara naye akaingizwa katika kipindi hicho. Ngege, samaki wa asili aliyepewa jina la kisayansi la Oreochromis esculentus mwaka 1928, alipungua mno katika ziwa hilo, na leo amo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Maziwa madogo ya Kagera, likiwamo Burigi, yamekuwa miongoni mwa makimbilio yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba sato wa kuletwa ameenea katika mabonde mengi ya mito nchini.

Kumtambua mgeni mapema si kazi rahisi. Samaki hawa wakiwa wadogo hufanana, na nyavu hunasa baadhi tu. Hapo ndipo hutumika vinasaba vya mazingira. Kila samaki huacha majini ute, magamba na kinyesi, na ndani yake mna vinasaba vyake. Mtafiti huteka maji, huyachuja, kisha maabara hutafuta na kuzidisha kipande cha vinasaba kinachohusu aina moja tu. Mtaalamu wa maabara aliyepima makohozi ya kifua kikuu kwa mashine ya vinasaba ataitambua kanuni hiyo mara moja. Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa waliitumia kumgundua chura vamizi mabwawani.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mipaka. Mto huweza kubeba vinasaba kutoka mbali, hivyo kuvikuta Mto Kagera si ushahidi kwamba samaki yuko pale pale. Aidha, vipimo vingi husoma vinasaba vinavyorithiwa kutoka kwa mama peke yake. Chotara wa sato na ngege, ikiwa mama yake ni ngege, ataonekana kama ngege halisi. Chombo kilichochafuka nacho huweza kuleta jibu la uongo, kama ilivyo katika maabara ya hospitali.

Mbinu hii inaigusa pia afya moja kwa moja. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo kutoka Kenya yakionyesha kuwa vinasaba vya kimelea cha kichocho cha tumbo vinaweza kugunduliwa katika maji. Mgonjwa anapaswa kuelewa jambo moja: maji yakionekana kuwa na kimelea hicho, kipimo kimeonyesha mahali penye hatari, hakikumpima mtu. Mwenye damu katika kinyesi, au maumivu ya tumbo yasiyoisha baada ya kuoga au kuvua majini, aende kituo cha afya apimwe mwenyewe.

Kwa mhudumu wa afya, funzo ni kwamba ushauri wa lishe haukomei mezani. Kabla kaya haijanunua vifaranga, na ielekezwe kwa afisa uvuvi wa wilaya aseme ni aina gani inafaa. Bwawa lichimbwe mbali na njia ya mafuriko, na majani ya kingo yafyekwe ili konokono wasipate maficho. Mtoto wa Rugu anahitaji samaki leo, na watoto watakaokuja watamhitaji ngege bado akiogelea katika maziwa ya kwao.