Peugeot ya babu au gari la kompyuta?

Hebu tuseme, msomaji, Krismasi imewadia na ni lazima uwafikishe watoto kwa nyanya yao huko Mutomo, Kitui. Mlangoni yamesimama magari mawili: Peugeot 504 aliyoiacha marehemu babu, rangi imepauka na viti vinanuka magunia, na Toyota Premio iliyoshushwa Mombasa majuzi. Utachukua ufunguo upi?

Usiwe mwepesi wa kuicheka ya babu. Peugeot 504 ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden aliitumia kushinda Safari Rally, na mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili. Springi zake ndefu humeza mashimo. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui ilipokuwa vumbi tupu, ukishavuka mto Athi na kuingia Ikutha, gari la namna hii lilikuwa mali kweli. Likizima, fundi angelifungua kabureta kwa spana na bisibisi, aipulize, nanyi mwondoke.

Premio haina kabureta. Kompyuta ndiyo inayopima petroli, na fundi asiye na mashine ya kuisoma atabahatisha tu. Haya si ya kusimuliwa. Gari langu la kisasa lilinizimikia jioni moja karibu na Ikutha. Fundi alitazama injini, akafunga boneti polepole na kuniambia, "Hii yako yataka kompyuta, mzee." Nililala palepale, mbu wakila karamu.

Hata hivyo, siku hizi barabara hiyo ni ya lami, na lami imeleta mwendo wa kasi. Isitoshe, kabla ya kufika Kibwezi utapishana na malori ya Mombasa kuanzia Sultan Hamud, Emali hadi Makindu. Hapo 504 haina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva, na hiyo ya babu haina hata mikanda ya viti vya nyuma, ambako ndiko watoto wataketi. Premio ina vyote viwili, na breki zake haziyafungi magurudumu ukizikanyaga kwa ghafla. Kwangu mimi, watoto wapande Premio. Sibishani.

Lakini 504 usiiuze! Mtu aitangulize, ikae kwa nyanya chini ya mwarobaini. Mtakapoiacha lami, njia ya kwenda nyumbani ikiwa mawe na mchanga, iacheni Premio madukani na 504 ije kuwachukua.

Mto ukiwa umefurika, subirini. Desemba 2021 mto Enziu, upande wa Mwingi, ulilisomba basi la watu waliokuwa wakienda arusini, na zaidi ya 30 wakafa. Mpigieni nyanya simu, mlale madukani. Chakula atawawekea.