Maili Mia kwa Baiskeli: Hesabu ya Nishati Kabla ya Safari

Maili 100 ni sawa na kilomita 161. Kwa wapanda baiskeli wa nchi nyingi, kuumaliza umbali huo kwa siku moja katika msafara ulioandaliwa ndio mtihani wa kwanza mkubwa wa mchezo wao. Msafara wa namna hii si mashindano. Anayefika wa mwisho amefaulu sawasawa na aliyetangulia, mradi amefika salama.

Katika Afrika Mashariki safari ndefu za baiskeli zimeanza kuzoeleka. Msafara wa Twende Butiama huwachukua waendeshaji kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kwa ajili ya kumuenzi Mwalimu Nyerere, nao hulazimika kumaliza masafa marefu siku baada ya siku. Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, yakiwa ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanawake zilikaribia kilomita 165, yaani zaidi kidogo ya maili 100, na mshindi alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada. Katika mbio za wanaume, zilizozidi kilomita 260 za milima mitupu, waliomaliza walikuwa 30 tu, ingawa walioanza walikuwa mabingwa waliozoea kazi hiyo.

Katika kata ya Tumati, wilayani Mbulu, na katika wilaya jirani ya Hanang, baiskeli si chombo kigeni. Iliyo ya kawaida ni ile ya fremu ya chuma, yenye keria nyuma na gia moja, ambayo hubeba madumu ya maji, gunia la mahindi na mwanafunzi aendaye shuleni. Je, kijana mwenye baiskeli hiyo anaweza kumaliza maili 100? Sayansi hujibu kwamba anaweza, kwa sharti kwamba atafanya hesabu kabla ya safari. Wengi wanaoshindwa njiani hawakosi moyo wa ushujaa. Hushindwa kwa sababu wametumia nishati ambayo hawakuwa nayo.

Kani zinazompinga mwendeshaji

Chukua mfano wa mwendeshaji wa kilo 60, mwenye baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 5 wa maji, chakula na vifaa. Jumla ni kilo 85. Katika barabara tambarare isiyo na upepo, kani mbili kubwa humpinga. Ya kwanza ni ukinzani wa magurudumu yanapobingirika. Katika lami, tairi zikiwa zimejazwa vizuri, kani hii hukadiriwa kuwa nyutoni 7, nayo haibadiliki sana mwendo unapoongezeka. Ya pili ni ukinzani wa hewa, nao hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Katika mwinuko wa nyanda za Mbulu, mwendeshaji aliyeketi wima akienda kilomita 20 kwa saa hupingwa na hewa kwa kani ya nyutoni 9 hivi. Akienda kilomita 30 kwa saa, kani hiyo hufikia nyutoni 20.

Nguvu hupatikana kwa kuzidisha kani kwa mwendo. Katika kilomita 20 kwa saa, ambazo ni mita 5.6 kwa sekunde, nguvu inayohitajika ni wati 90 hivi. Katika kilomita 30 kwa saa ni wati 225. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini nguvu imezidi mara mbili na nusu. Upepo nao una gharama yake. Mwendeshaji wa kilomita 20 kwa saa akikutana uso kwa uso na upepo wa kilomita 10 kwa saa, atahitaji wati 150 ili asipunguze mwendo. Kwa hiyo mwenye busara hupunguza.

Akiba iliyomo mwilini

Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kazi ya kusukuma kani ya nyutoni 16 kwa kilomita 160 ni kilojouli 2,560. Ikiwa njiani kuna miinuko ya jumla ya mita 1,000, kazi nyingine ya kilojouli 830 huongezeka. Sehemu yake hurudi wakati wa kushuka, lakini nyingi hupotelea katika breki na upepo. Jumla yakaribia kilojouli 3,400. Misuli ya binadamu hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na iliyobaki hutoka kama joto. Hivyo mwili utahitaji kutumia kilojouli 13,600.

Zitatoka wapi? Mtu mzima aliyekula vizuri huweka wanga katika misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, gramu 400 hadi 500. Kila gramu ina kilojouli 17 hivi, kwa hiyo akiba yote haizidi sana kilojouli 8,500. Mafuta ya mwili ni mengi zaidi, na gramu moja ina kilojouli 37, lakini huunguzwa polepole na huhitaji oksijeni zaidi. Mwendeshaji anapokwenda taratibu, mafuta huchangia sehemu kubwa ya nishati. Anapojikaza kushindana na wenzake, misuli hukimbilia glaikojeni, nayo inaweza kwisha katika saa mbili au tatu. Hapo miguu huwa mizito kama magogo, jasho la baridi humtoka, mikono hutetemeka na akili hukosa utulivu. Hali hii ni ya hatari, kwa kuwa anayeyumba barabarani huyumba mbele ya malori na mabasi.

Dawa yake ni kula kabla ya kuona njaa, kuanzia saa ya kwanza ya safari. Utumbo unaweza kupokea gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa bila taabu. Ndizi mbivu mbili za ukubwa wa kati, au gramu 200 za viazi vitamu vya kuchemsha, hutosha kwa saa moja. Anayekula gramu 40 kila saa kwa saa nane atakuwa ameingiza kilojouli 5,400, na pengo lililokuwepo litazibika. Hakuna haja ya vyakula vya madukani vyenye bei kubwa.

Ama kuhusu maji, mwendeshaji anywe kwa kadiri ya kiu. Asijinyime, wala asijaze tumbo kwa lita nyingi za maji matupu, kwani kupungua mno kwa chumvi katika damu kunaweza kuua. Mchanganyiko unaofundishwa zahanati kwa wagonjwa wa kuhara, yaani vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa, unafaa pia njiani.

Mazoezi hupimwa kwa saa

Barabara ya udongo uliolegea inaweza kuzidisha ukinzani wa magurudumu mara tatu, kutoka nyutoni 7 hadi 21. Mwendeshaji anayetoa wati 90, ambaye katika lami angekwenda kilomita 20 kwa saa, huko hukwenda kilomita 13 tu. Kwa hesabu hiyo, kilomita 80 za udongo hutaka kazi ile ile ya kilomita 125 za lami. Kijana wa Tumati anayefanya mazoezi katika njia za vumbi asivunjike moyo anapoona kilomita zake ni chache. Saa alizokaa juu ya baiskeli ndizo kipimo cha haki.

Muda wa wiki 12 unatosha kwa mtu mwenye afya. Katika wiki ya kwanza safari ndefu iwe ya saa mbili. Kila wiki iongezwe kwa dakika 20 hadi 30, na kila wiki ya nne ipunguzwe ili misuli, mishipa na mifupa ijijenge upya. Safari mbili fupi za katikati ya wiki hutosha kukamilisha ratiba. Safari ndefu ikifikia saa sita, mwili uko tayari, na wiki ya mwisho iwe ya kupumzika. Wanafunzi wenye umri mdogo waanze na maili 50, na kila mshiriki apimwe afya yake kwanza.

Kiti nacho kirekebishwe. Kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kilicho chini mno huyaumiza magoti.

Hewa nyepesi ya milimani

Katika mwinuko wa mita 1,800 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Kila pumzi huingiza oksijeni pungufu, na mwili wa mkazi wa huko hujizoeza kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Kwa upande mwingine, hewa nyepesi humpinga mwendeshaji kidogo. Ndiyo sababu Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda hadi jiji la Mexico, lililo mita 2,240 juu ya bahari, alipotaka kuvunja rekodi ya mwendo wa saa moja mwaka 1972, akaenda kilomita 49.431.

Katika jiji hilo hilo, mwaka 1968, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alimaliza marathoni ya Olimpiki akiwa ameumia goti, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Shule nyingi hukitaja kisa hicho kama mfano wa uvumilivu, na inastahili. Hata hivyo kisichukuliwe kuwa kanuni ya mazoezi. Akhwari alikuwa mkimbiaji aliyekwisha kukomaa, akiiwakilisha nchi yake. Mwanafunzi anayepata maumivu makali ya goti katika safari ya kwanza hana budi kushuka. Barabara itakuwepo mwakani, na goti alilonalo ndilo hilo hilo.

Kupanda na kushuka

Katika mlima wenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, mwendeshaji anayetoa wati 100 hawezi kuzidi kilomita 6 kwa saa. Kwa baiskeli ya gia moja, pedeli zitazunguka mara 20 tu kwa dakika, na magoti yatabeba mzigo usiofaa. Kushuka na kuikokota si aibu. Ndiyo njia yenye ufanisi zaidi.

Mteremko una hatari yake. Kila mita 100 anazoshuka mwendeshaji huyo wa kilo 85 hutoa kilojouli 83, ambazo zinatosha kuchemsha robo lita ya maji, yaani kikombe cha chai. Katika ukingo wa Bonde la Ufa huko Dareda, vikombe hivyo ni vingi, na anayezuia mwendo kwa breki huvimimina karibu vyote katika rimu na raba zake. Breki zikaguliwe kabla ya safari, zitumike zote mbili kwa vipindi, na mwendeshaji asimame mara kwa mara zipoe.

Siku ya safari

Barabara ya lami kutoka Babati kupitia Dareda na Katesh hadi Singida ina takriban kilomita 160, nayo ni mfano mzuri wa kupangia. Anayeanzia Babati hupanda kuelekea Mlima Hanang asubuhi, akiwa na nguvu, na pepo za mashariki, ambazo ni za kawaida wakati wa kiangazi, humsukuma mchana. Anayetoka Singida hukutana nazo usoni. Wakiondoka saa 12 asubuhi, wakienda kilomita 20 kwa saa na kupumzika kwa jumla ya saa moja na nusu, watafika saa 9 na nusu alasiri, kukiwa bado na mwanga. Waende mmoja nyuma ya mwingine, wavae kofia ngumu na nguo zinazoonekana, na gari moja lifuate nyuma likiwa na maji na vifaa vya kuzibia pancha.

Jaribio la darasani

Walimu wa fizikia wanaweza kuyathibitisha mengi ya haya kwa mizani ya springi na kamba. Mwanafunzi mmoja akae juu ya baiskeli, na mwingine aivute polepole kwa mizani katika uwanja tambarare, asome nyutoni. Jaribio lirudiwe katika ardhi ngumu, katika mchanga, na kwa tairi zilizojaa na zilizolegea. Kisha kila mwanafunzi akadirie kilomita ngapi za njia ya kijijini kwake ni sawa na kilomita 160 za lami. Atakayeipata hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe atakuwa amekwisha kuanza maandalizi.