Kutengeneza gari la zamani nyumbani: kriki si nguzo

Ndugu mfanyakazi, umenunua Land Rover ya zamani. Ililala miaka mingi nyuma ya nyumba, kuku wakataga chini ya kiti chake, na majirani wa hapa Obokote wanakucheka: "Hiyo ni ya kuyeyushwa sufuria!" Lakini wewe unajua kwamba motere yake bado inazunguka. Kila siku ya mapumziko unavaa nguo kuukuu, unashika funguo, unaanza kazi.

Kazi hiyo ni nzuri, lakini inachosha roho. Buloni moja yenye kutu inakula siku nzima. Piesi uliyoagiza Kindu inafika, kumbe si ya gari la mwaka ule. Halafu jioni moja buloni inalegea, taa inawaka, na watoto wanapiga makofi. Katika hasira ile, au katika furaha ile, ndipo mtu anaposahau usalama.

Jua gari lako

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, mwaka 1948. Baada ya vita, chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiyumu. Shasi lakini ni chuma. Ndiyo maana mvua yetu ya Maniema inaiacha bodi na kuila shasi. Usidanganywe na rangi. Gonga shasi kwa nyundo ndogo kabla ya kuweka kriki. Palipooza, kriki itapenya.

Jambo la pili wengi hawalijui. Freni ya mkono ya Land Rover hizi haikamati magurudumu yenyewe. Inakamata ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu ya motere nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, hilo linaweza kuzunguka hewani na mwenzake likabingirika chini. Gari linaanguka kutoka juu ya kriki, nawe ulikwisha kuvuta freni!

Kama mgodini

Je, mgodini unaingia chini ya mwamba usiotegemezwa? Hapana. Basi, kwa nini nyumbani unalala chini ya gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,200, likishikwa na kriki peke yake? Kriki ni ya kuinua, si ya kutegemeza.

Fanya hivi kila mara:

1. Chagua mahali tambarare na pakavu. Udongo ukiwa laini, weka ubao mpana chini ya kriki.

2. Zuia magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma, kwa kabari za mti.

3. Tegemeza shasi kwa vipande vinene vya mti mgumu, vilivyopangwa msalaba. Usitumie matofali, yanapasuka ghafula.

4. Likisukuma gari kwa mikono kabla ya kuingia chini. Likitikisika, panga upya.

5. Usifanye kazi peke yako. Watoto wakae mbali.

Vumbi na moto

Ukifungua ngoma ya freni, usipulize vumbi. Freni za zamani zilitengenezwa kwa amianti, na vumbi lake linaharibu mapafu polepole, miaka mingi baadaye. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa chenye maji, kisha ukizike kitambaa hicho.

Kabla ya kugusa nyaya, ondoa kwanza waya wa batri unaoshika shasi. Usipashe buloni moto karibu na tangi. Katika Land Rover fupi, tangi liko chini ya kiti cha mbele. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa esanse ndio unaolipuka. Buloni ikikataa, ipake mafuta, uende ukalale. Kesho itafunguka.

Ndugu, piesi ya Land Rover inaweza kutafutwa Kindu, hata Kisangani. Piesi ya kifua chako haiuzwi popote. Gari limengoja miaka mingi. Litangoja dakika kumi zaidi ili upange miti yako.