Istilahi za Kufuma kwa Kulabu: Maoni kutoka Kando ya Ziwa Viktoria

1. Utangulizi

Kitenzi fuma ni miongoni mwa vitenzi vilivyoitumikia sana lugha yetu. Kutokana nacho tumepata nomino mfumo, ambayo leo hutumika katika siasa, uchumi, elimu na sayansi. Kutokana na ukoo wa kitenzi tanda, kinachotaja kazi ya kuzinyoosha nyuzi kabla ya kufuma nguo, tumepata mtandao. Ni ajabu basi kwamba kazi yenyewe ya uzi, iliyotukopesha maneno hayo makubwa, imebaki na upungufu wa istilahi zake yenyewe. Mwalimu wa uchumi anaweza kufundisha somo zima kwa Kiswahili sanifu bila ya kusita. Lakini fundi anayemfundisha mwanafunzi kufuma kofia kwa uzi na kulabu hulazimika kusema, "Fanya hivi, halafu hivi," huku akionyesha kwa mkono.

Kuonyesha kwa mkono ni njia njema ya kufundisha, nayo imewalea mafundi wengi. Hata hivyo, mkono hauwezi kutiwa katika bahasha ukapelekwa Sengerema au Ukerewe. Fundi aliyebuni kizibao kizuri hapa Mwanza hawezi kumwandikia mwenzake namna ya kukifuma, wala hawezi kuiandika kazi yake akaihifadhi, ikiwa hatua zake hazina majina. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha hasara itokanayo na upungufu huo, kisha tutapendekeza istilahi chache, hasa zile zinazomhusu mtu atakaye kubuni vazi lake mwenyewe au kulirekebisha la mwingine.

2. Hasara ya majina ya kuazima

Vijitabu vingi vya kazi hii vinavyotufikia vimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi hudhani kwamba anayekijua Kiingereza ameokoka. Sivyo. Waingereza na Wamarekani hawakubaliani katika majina ya mifumo ya msingi. Mfumo mfupi ambao Waingereza huuita kwa neno lenye maana ya "maradufu", Wamarekani huuita kwa neno lenye maana ya "moja". Ule ulio mrefu zaidi, ambao kwa Waingereza ni wa "mara tatu", kwa Wamarekani ndio "maradufu". Kwa hiyo neno moja hutaja vitu viwili, na kitu kimoja kina majina mawili.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kirumba aliyefunzwa kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza, akapata kijitabu kilichochapishwa Marekani. Kijitabu kinamwambia afume mistari 40 ya "maradufu". Naye hufuma mistari 40 ya mfumo mfupi anaoujua yeye kwa jina hilo. Amehesabu sawasawa na hakukosea hata mara moja, lakini vazi lake hutoka na urefu wa kama nusu ya ule uliokusudiwa. Hapana budi alifumue. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja na kulegea, na siku zake za kazi hazirudi. Ikiwa uzi ule ulinunuliwa kwa fedha ya chama chake cha akina mama, hasara ni ya wote. Kosa hilo si la mkono wake. Ni kosa la istilahi.

Wajapani, miongoni mwa wengine, wameikwepa taabu hiyo kwa kuchora alama badala ya kuandika maneno, na michoro yao husomwa na mafundi wa lugha mbalimbali. Njia hiyo yafaa kuigwa. Lakini hata alama huhitaji jina la kutamkwa darasani; mwalimu hawezi kusema, "Sasa fumeni kile kimstari chenye mkato."

3. Jina la kazi na jina la chombo

Wananchi wengi huiita kazi hii kroshia, neno lililotokana na Kifaransa, ambako maana yake ni kulabu ndogo. Wengine husema tu kufuma vitambaa. Chombo chenyewe huitwa sindano ya kroshia au sindano ya kufumia.

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hututaka tutazame kwanza Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu na lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Lakini utaratibu huo haututaki tuling'oe neno ambalo limekwisha kuota mizizi. Kroshia limeota. Tuliache liwe jina la kazi.

Kuhusu chombo, shauri ni jingine. Sindano ina ncha kali na tundu la kupitishia uzi; chombo hiki hakina tundu, bali kina kichwa kilichopinda cha kunasia uzi. Tena kuna kazi nyingine, ile ya kufuma sweta, itumiayo sindano mbili ndefu. Tukiviita vyote sindano, mwanafunzi atachanganyikiwa. Kiswahili kina neno kulabu tangu zamani, nalo lataja umbo lenyewe. Ndoana pia ina umbo hilo, lakini kwa watu wa ziwani ndoana ni ya samaki, na haifai kuipokonya kazi yake. Tunapendekeza kulabu ya kroshia, au kulabu tu pale ambapo muktadha unatosha.

4. Wavu na kimia

Kando ya ziwa hili ufumaji wa matundu si jambo geni. Kabla ya nyavu za nailoni kuenea ziwani katika miaka ya 1950, na hata baada yake, wavuvi wamekuwa wakizitengeneza na kuziziba nyavu zao kwa mikono. Mvuvi huhesabu macho ya wavu, huyapima ili yalingane, na anapotaka wavu wa duara upanuke, huongeza macho kwa hesabu maalumu katika kila mzunguko. Fundi wa kofia hufanya hesabu ya namna ileile.

Udugu huu Kiswahili kiliuona zamani. Neno kimia hutaja wavu mwembamba wa kutupa kwa mkono, na pia hutaja kitambaa chenye matundu ya nakshi. Mvuvi na mfumaji wa vitambaa wamepewa neno moja. Basi badala ya kutafuta neno jipya kwa ajili ya ufumaji wenye nafasi wazi, tuseme ufumaji wa kimia, na kila nafasi iliyo wazi tuiite jicho. Mwanafunzi wa Igombe au wa Nansio hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Ushahidi kwamba eneo hili lina hazina ya maneno ya kazi za mikono unapatikana pia katika maandishi. Riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, ilichapishwa mwaka 1980. Msomaji wake huona jinsi maisha ya watu wa kisiwa kile yalivyojaa vyombo na kazi zenye majina yake kamili. Maneno ya namna hiyo hayana budi kukusanywa kabla wenye kuyajua hawajaondoka.

5. Majina ya mifumo ya msingi

Kila kitu katika kroshia huanzia kwenye kitanzi. Mfululizo wa vitanzi vilivyopitishwa kimoja ndani ya kingine wapo wauitao cheni. Tunaonelea mkufu kuwa bora kuliko mnyororo, kwa kuwa mkufu ni mwembamba na ni pambo, ilhali mnyororo una uzito na kumbukumbu zisizopendeza. Kitanzi kinachofunga tu sehemu mbili pamoja, bila ya kuongeza kimo, tukiite kitanzi cha kuungia.

Ipo mifumo mingine isimamayo juu ya mstari kama nguzo juu ya msingi wa nyumba. Tunapendekeza iitwe nguzo, na itofautishwe kwa kimo chake:

Nguzo fupi: kulabu huingizwa bila ya kuzungushiwa uzi, uzi huvutwa, vitanzi viwili hubaki juu ya kulabu, navyo hupitishwa pamoja.

Nguzo ya kati: uzi huzungushwa mara moja kabla ya kulabu kuingizwa, vitanzi vitatu hupatikana, navyo hupitishwa vyote kwa mvuto mmoja.

Nguzo ndefu: uzi huzungushwa mara moja, vitanzi vitatu hupitishwa viwili viwili kwa mivuto miwili.

Nguzo kuu: uzi huzungushwa mara mbili, vitanzi vinne hupitishwa viwili viwili kwa mivuto mitatu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini hatukuziita nguzo moja, nguzo mbili na nguzo tatu, kwa kufuata idadi. Sababu ni kwamba tarakimu inahitajika kwa kuhesabia. Maelekezo yakisema, "Fuma nguzo mbili," fundi hatajua kama anatakiwa kufuma nguzo mara mbili au kufuma nguzo moja ya aina ya pili. Tukisema nguzo ndefu mbili au nguzo fupi tano, hapana mashaka.

Mwanzoni mwa kila mstari fundi hufuma vitanzi vichache vya mkufu ili apande hadi kimo cha nguzo zinazofuata. Hivyo tuviite vitanzi vya kupandia: kimoja kwa nguzo fupi, viwili kwa ya kati, vitatu kwa ndefu, na vinne kwa kuu.

6. Istilahi za kubuni na kurekebisha

Hapa ndipo penye faida kubwa. Fundi afuataye maelekezo ya mwingine ni kama msomaji. Abuniye vazi lake ni kama mwandishi, na mwandishi hawezi kuandika bila ya maneno.

Neno la kwanza analolihitaji ni la kutaja idadi ya vitanzi na mistari inayopatikana katika kipimo maalumu, kwa kawaida sentimita 10 kwa 10. Twapendekeza kadiri ya mkono, kwa sababu idadi hiyo hutegemea uzi, kulabu na mkono wa mfumaji mwenyewe. Mafundi wawili wenye vifaa sawa hawalazimiki kupata kadiri sawa. Kipande kidogo kinachofumwa ili kuipata tukiite kipande cha kigezo.

Tuseme fundi amepata vitanzi 16 na mistari 20 ya nguzo fupi katika sentimita 10. Anataka kufuma kizibao cha mtu mwenye kifua cha sentimita 90. Akiongeza sentimita 6 ili kisibane, nyongeza ambayo twaweza kuiita nafasi ya kulegea, atapata 96, yaani 48 kwa upande wa mbele na 48 kwa upande wa nyuma. Mara 1.6, ni vitanzi 77 hivi. Ikiwa nakshi yake hurudiwa kila baada ya vitanzi 6, na kimoja cha kumalizia, atachagua 79, na upana utakuwa karibu sentimita 49 na nusu. Sehemu hiyo inayojirudia tuiite mrudio. Kwa urefu wa sentimita 50 atafuma mistari 100.

Sasa maelekezo hayo yapewe fundi mwingine, ambaye kadiri yake ni vitanzi 18. Vitanzi 79 vitampa sentimita 44 tu. Pande mbili hazitafika 88, na kizibao hakitafunga. Kwa hiyo maelekezo yasiyotaja kadiri hayajakamilika, hata yakiandikwa kwa lugha nzuri namna gani.

Kwa kofia, hesabu ni ya duara. Fundi huanza na nguzo fupi 6, kisha 12, kisha 18, akiongeza 6 katika kila mzunguko. Duara likijikunja kama bakuli, nyongeza hazitoshi. Likifanya mawimbi, zimezidi. Kichwa cha sentimita 56, kwa kadiri ileile ya 16, chataka vitanzi 90, vinavyofikiwa katika mzunguko wa 15. Baada ya hapo hufuma bila ya kuongeza. Kofia ya mtoto mwenye kichwa cha sentimita 50 yaweza kukomea kwenye mzunguko wa 13, wenye vitanzi 78, kwani ufumaji huvutika kidogo. Hiyo ndiyo maana ya kurekebisha: kubadili hesabu bila ya kuharibu umbo.

Kwa maneno mengine hatuna haja ya kwenda mbali. Ukingo wa nakshi unaozungushiwa vazi likiisha ni taraza. Nyuzi zinazoning'inia kwenye ncha za mtandio ni matamvua. Kuharibu kwa kuvuta uzi ni kufumua. Mchoro au karatasi ya umbo la vazi ni kiolezo, na maandishi ya hatua kwa hatua ni maelekezo. Neno mshono, ambalo siku hizi watu hulitumia kwa maana ya mtindo wa nguo, liachwe kwa nguo za kushonwa.

7. Hitimisho

Mwanza ni mji wa pamba, zao ambalo Wasukuma huliita buluba, na uzi wa pamba ndio unaofaa kwa joto la kando ya ziwa kuliko sufu. Mkono upo na akili ipo. Kilichopungua ni maneno ya kuifanya kazi ya mtu mmoja imfae mwingine asiyemwona.

Istilahi tulizozitoa ni mapendekezo tu, wala hazijapitishwa. Yafaa zipelekwe kwanza kwa mafundi wenyewe, zitumiwe kwa kofia moja na kizibao kimoja, na lile litakalokwama mdomoni mwao liachwe. Fundi ambaye hakuwapo darasani akiweza kuyasoma maelekezo yaliyoandikwa kwa istilahi hizi, akafuma kofia ikamkaa sawasawa kichwani yule aliyekusudiwa, hapo tutajua kwamba zimefaa. Asipoweza, tutazifumua na kuanza upya.